Kasi Ishirini Juu ya Ishirini

Jamani, kucheka chekeni, ila mniache nimalize, maana mpaka leo nikipita karibu na ule uwanja wa mtaani kwetu Dodoma wapo watu wanaoniita "Katibu Kompyuta", wengine wameshazeeka na mimi mwenyewe nimeshaota mvi, lakini aibu yangu kwao bado mbichi.

Ilikuwa miaka ile biashara zimefunguliwa, kila siku kinaingia kitu kipya nchini, na ofisini kwetu ikaletwa kompyuta ya kwanza, ya kuchapia ripoti, nikakabidhiwa mimi eti kwa sababu ndiye kijana. Rafiki yangu aliyekuwa anasoma Dar akanipa CD ya gemu la umeneja wa mpira. Mle huchezi wewe, wewe unasajili na kupanga kikosi, na kila mchezaji ameandikiwa kasi yake, mashuti yake, hata uvivu wake, kwa alama ishirini. Nilishangaa mpaka chai ikapolea mezani. Nikamkuta humo hata beki mmoja wa kwetu, Mtanzania, na udhaifu wake wote ule ule tunaomtukania tukisikiliza redio! Nikasema, kumbe hawa Wazungu wanatuona.

Wakati huo nilikuwa katibu wa timu ya mtaa, na timu ilikuwa hoi. Imebaki mechi moja, tukifungwa tunashuka daraja, na mwenyekiti wetu, Mzee Chilewa, ameshaapa kwamba tukishuka anaivunja timu na jezi anawagawia wauza mkaa. Basi siku moja gemu langu limeshakwenda misimu kadhaa mbele, likanitolea jina: Hamisi Iddi, Mtanzania, mshambuliaji, miaka kumi na saba, kasi ishirini juu ya ishirini. Ishirini! Hata wale Wabrazili wenyewe hawakuwa nayo. (Ungekuwa wewe ungekaa kimya?)

Nikakimbilia mazoezini kutangaza. Kipa wetu Rajabu, mtu wa Busi kule Kondoa, akadakia, "Hamisi Iddi? Si jirani yetu huyo! Anamkimbiza mbuzi mpaka mbuzi anakaa chini mwenyewe."

Mzee Chilewa akasema, "Miaka yote nawapelekea waganga kuku, hajatokea hata mmoja wa kunitajia mtu na jina la baba yake. Hiyo mashine yako ni kiboko."

Tukadandia lori la mahindi mimi, mzee na Rajabu, tukapita Kolo, tukafika Busi tumekuwa wekundu kwa vumbi. Tukamkuta mama yake Hamisi anatwanga uwele. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza habari za mashine.

"Imeandika Hamisi nani?" akauliza.

"Hamisi Iddi, mama."

Akauweka mchi chini. "Iddi alifariki huyu mtoto hajaanza kutembea. Huko Ulaya ni nani aliyewaambia?"

Na kabla sijasema neno, tukamwona Hamisi mwenyewe kule mlimani anamfukuza ndama aliyetoroka. Ndugu zangu, nimeona watu wakikimbia, lakini yule alikuwa hagusi chini. Alimfikia ndama, akampita, akamgeukia, akamsubiri! Alipokuja karibu niliona ana ndevu za kutosha kidevuni, lakini umri haukunisumbua, maana hata winga wetu alikuwa na miaka kumi na tisa kwa msimu wa tano mfululizo.

Mzee Chilewa akamuuliza, "Mpira unaujua?"

Hamisi akafikiri. "Sijawahi kucheza, mzee. Lakini kama wameandika, basi naujua."

Na sisi watu wazima, wenye akili zetu, tukaona ni jibu zuri kabisa. Wakati wa kurudi, juu ya magunia, akaniinamia akasema, "Kaka, mimi nikikimbia kule mlimani nilidhani ananiona Mungu peke yake." Nikavimba kichwa kana kwamba mimi ndiye niliyemwona.

Siku ya mechi uwanja ulifurika. Mgeni rasmi alikuwa mkuu wa idara yetu ofisini, mama mmoja mkali, amewekewa meza yenye kitambaa cheupe na soda. Mimi nimeshika kipaza sauti, nikatangaza kwa mbwembwe kwamba leo mtamwona mchezaji aliyetafutwa kwa kompyuta, wa kwanza Dodoma, huenda na Afrika!

Mpira wa kwanza ukapigwa mbele, Hamisi akatoka. Mabeki walisimama wakawa watazamaji, mgeni rasmi akainuka kitini, mimi machozi yananilenga, maana sijaona kitu kizuri kama kile tangu nizaliwe. Alikuwa na kasi hata akaufikia mpira, akaupita, akauacha nyuma, akaendelea. Watu wakampisha. Meza haikumpisha! Soda zikaruka, kitambaa kikawafunika yeye na mgeni rasmi pamoja.

Mama akatoka humo Fanta inamchuruzika begani. "Danieli, kompyuta ipi hiyo?"

Kipaza sauti kiko mkononi mwangu, na sikukizima. Uwanja mzima unasikia.

"Ya... ya ofisini, mama."

"Ile uliyoniambia ina virusi, ripoti yangu haitoki? Mwanangu ana hilo gemu nyumbani! Hayo majina ya vijana linayatunga lenyewe, hakuna mtu!"

Yesu wangu! Watu walicheka mpaka wengine wakalala chini. Tukafungwa tatu, tukashuka daraja, na Mzee Chilewa akazigawa jezi kweli. Jumatatu mama akasimama nyuma yangu mpaka nikalifuta gemu lote, kisha kompyuta ikahamia kwa mwenzangu.

Lakini kicheko kile hakikuniuma. Kilichoniuma ni Hamisi, ambaye alisikia kila neno. Jioni ile nilimpeleka kwenye lori la Kondoa nimeinamisha kichwa, naona nimemnyang'anya kitu ambacho hata sikuwa nacho. Akapanda, akakaa, akanitazama bila hasira.

"Kaka, sawa, limetunga," akasema. "Lakini kwa majina yote ya duniani, mbona likatunga langu na la baba?"

Lori likaondoka sijamjibu, na mpaka leo sina jibu. Tangu hapo niliapa sisajili mtu, hata wa kucheza bao, kabla sijamwona kwa macho yangu, na kiapo hicho sijakivunja.

Miaka kadhaa baadaye nikakutana naye sokoni Dodoma, ameleta mbuzi. Tukakumbatiana, tukacheka, kisha akaangalia pembeni na kushusha sauti.

"Eti, mle kwenye mashine bado nipo? Mama huwa ananiuliza."

"Upo," nikamwambia.

"Nakimbia?"

"Unakimbia, Hamisi. Hawajakufikia mpaka leo."