Kamba ya Paka wa Mutuka

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kama hamjawahi kunusa mkojo wa panya ndani ya kihenge, mshukuruni Mungu na mnyamaze. Ni harufu kali, inachoma pua, inaingia mpaka kwenye ugali. Mwaka ule nyumba yetu ya Sigino ilinuka hivyo kiangazi chote. Panya walikwishaharibu mahindi ya kula, wakawa wanapanda darini jikoni kwenye mahindi ya mbegu, yale mama aliyoyachagua hindi kwa hindi na kuyatundika juu ya moshi. Mbegu nyingine hatukuwa nayo. Yakiliwa hayo, mvua ingetunyeshea bure.

Baba akaenda Mutuka kwa shangazi, akarudi na paka jike mwenye mabaka, amemtia kwenye gunia asiione njia. Kwetu paka mgeni alipakwa samli miguuni, ili akijilamba azoee harufu ya nyumba, kisha akafungwa kamba ya katani karibu na mafiga siku saba. Kumlinda nilipewa mimi, mtoto wa miaka minane. Mama akaniambia, "Martha, ukimfungulia kabla ya siku saba, mbegu utaitapika wewe." Hakuwa anatania. Mama yangu utani hakuujua.

Paka akalia mchana kutwa. Maziwa hakugusa. Kaka yangu akawa anamcheka, "Huyu mpelekeni kwaya." Siku ya nne nikaona shingo yake imechubuka, manyoya yametoka, kamba ina damu. Mama alikuwa ameenda kuchota maji. Fundo la shingoni likanishinda, basi nikachukua kisu nikakata kamba huku kwenye mafiga, nikafungua mlango. Akatoka mbio, kipande kirefu cha kamba kinaburuzika nyuma yake. Nikafurahi, nikajiona nimetenda wema.

Baada ya siku mbili baba akamkuta kwenye ua wa minyaa wa jirani. Kamba ilikuwa imejisokota kwenye matawi, naye alivuta na kuvuta mpaka ikamnyonga. Kichwa kilielekea Mutuka. Baba hakunichapa. Afadhali angenichapa. Alimzika, akakitundika kile kipande cha kamba mlangoni mwa jiko, nikawa nakiona kila nikiingia.

Panya wakamaliza mbegu. Mvua ziliponyesha, majirani walikuwa shambani wamepinda migongo, sisi tumesimama mlangoni tunawatazama. Shangazi alituletea mbegu kidogo, tukapanda pembe moja ya shamba, magugu yakachukua iliyobaki. Mwaka huo tulikula mara moja kwa siku. Mama akinipa sahani yangu anasema, "Kula, mfungua paka." Jina hilo aliniita mpaka naolewa.

Siku hizi nakaa hapa Bagara. Mbegu ni za pakiti, za dukani, na panya wanawekewa sumu, hakuna anayelala njaa kwa sababu ya paka. Lakini juzi mjukuu wangu Neema alileta paka mdogo ndani ya boksi, nikamkuta anatafuta kamba. "Si ndivyo mlivyokuwa mnafanya, bibi?" akaniuliza. Nikamnyang'anya ile kamba nikaitia motoni. Nikawaita wote waliomo humu ndani nikawaambia: "Fungeni mlango, mkae naye kwa zamu siku saba. Atakayechoshwa na kilio chake, atoke yeye."