Vitu vya Kwenye Kopo

Kila nikipita kwa fundi wa kuchomelea, harufu ya kabaidi hunirudisha kwenye mkeka wetu, pale Mpanda. Mgodi ulikuwa umeporomoka juzi yake, baba akiwa ndani. Mzungu wa mgodini alituletea vitu vya baba ndani ya kopo la kakao, likinuka kabaidi ya taa ya baba ya mgodini. Alikuwa mgeni, Kiswahili hajui, na pale uani mwenye Kiingereza nilikuwa mimi, mtoto wa darasa la nne.

Akawa anainua kitu kimoja kimoja, kama mwalimu wetu wa Kiingereza. Nikasimama wima, mikono nyuma, nikajibu kwa sauti kama tulivyozoeshwa.

“Button.”

“Kifungo!”

“Comb.”

“Kitana!”

“Key.”

“Ufunguo!”

Nilivipata vyote. Mama alipokea kila kimoja kwa mikono miwili, akakilaza juu ya kanga. Nilisubiri makofi. Hayakuja.

Kopo likabaki tupu.

“Sasa muulize, mwanangu,” mama akasema, “baba yako mwenyewe wamemlaza wapi?”

Mzungu akanigeukia, akingoja. Nikarudisha mikono nyuma. Shuleni tulikuwa bado kwenye vitu vidogo.