Kangaga la Kisima cha Kiembe Samaki

Majirani wa Mji Mkongwe walimwita Khairiya mtu wa majani, kwa sababu hakuupita ufa wa ukuta uliootesha kangaga bila ya kusimama kuutazama. Huko chuoni Tunguu alisomesha habari za mimea isiyo na ua wala mbegu, na hapakuwa na kangaga la Unguja lililomshinda jina.

Mpaka Mzee Kificho, mchimba visima, alipomletea kipande cha udongo mgumu kilichofungwa ndani ya kikoi.

"Shikamoo, Mzee Kificho."

"Marahaba. Nimekitoa kisimani kwa Bwana Amour, Kiembe Samaki, chini ya jiwe. Mimi kule sishuki tena."

"Kuna nini?"

"Kunanuka majani mabichi, mwanangu. Kama yaliyokatwa sasa hivi."

Khairiya alicheka. Lakini alipokipasua, lilikuwamo jani zima, jeusi, lililogeuka kisukuku kabla hapajakuwa na mtu wa kulitazama. Alilitia chini ya hadubini. Mishipa yake iliungana kama wavu, na vifuko vya spora vilijipanga ukingoni tu. Alililinganisha na kila kangaga alilolijua, la sasa na la kale. Hakuna lililofanana nalo. Ilikuwa spishi mpya.

Kipande kimoja hakikumtosha kuieleza. Akenda Kiembe Samaki mchana kweupe, akafungwa kamba, akateremshwa.

Harufu ilimpokea kabla miguu haijagusa chini. Akamulika tochi. Makangaga ya kisukuku yalijaa ukutani, na ncha zote zilielekea katikati ya kisima. Akageuka kumulika ukuta wa nyuma. Huko nako zilimwelekea yeye. Maji yanayopita huyalaza majani upande mmoja kabla tope halijayafukia. Hilo alikuwa akilisomesha. Lakini ni maji gani yaliyotoka pande zote yakakutana hapa hapa, mahali ambapo siku moja mtu angechimba?

Alibandua kipande kimoja.

"Mzee Kificho!"

"Naam!" sauti ilijibu kutoka juu.

"Nivute!"

Aliandika maelezo yake kwa uangalifu: urefu wa jani, mishipa, spora. Mwelekeo wa ncha aliuchora kama alivyouona. Harufu hakuitaja. Lilipobaki jina, alimfuata Kificho.

"Kangaga hili nnataka kuliita kwa jina lako."

Mzee aliweka kikombe chini. "Usinitaje, mwanangu. Halinijui. Liache hivyo hivyo."

Basi akaliita kwa jina la Kiembe Samaki. Maelezo yalichapishwa, wenzake wakampongeza, ingawa wawili walimwandikia kwamba mchoro wake bila shaka ulikosewa. Kificho aliacha visima, akashika kazi ya kuezeka mapaa.

Amour alipouliza kama kisima kiachwe wazi kwa ajili ya utafiti, Khairiya, aliyeisubiri spishi mpya maisha yake yote, alimwambia akizibe. Akasimama pale akiangalia mafundi wakimwaga zege, na hakuondoka mpaka lilipoanza kushika.