Mtu wa Wanging'ombe

Msumeno wa marehemu Methusela ulikaa darini miaka kumi na minne, umeviringishwa kwenye gunia la mahindi, na mkewe Tabea ndiye aliyekuwa akiutunza. Kila mwaka, baridi ya Juni ilipoanza kuuma vidole, alipanda ngazi, akaufungua, akaupitishia kitambaa chenye mafuta jino baada ya jino, kisha akaufunga tena. Mwanawe Yoramu alimuuliza mara nyingi anautunzia nini ilhali siku hizi miti yote inapasuliwa kwa mashine.

"Ni mkono wa baba yako huo," Tabea alimjibu.

Ilikuwa kweli, lakini kweli nusu. Nusu ya pili alibaki nayo mwenyewe.

Tabea alimaliza darasa la saba, akaolewa na Methusela katika kijiji kimoja cha nje kidogo ya Njombe, kwenye mabonde ya miti ya miwati na milingoti. Methusela alikuwa mpasuaji mbao. Kazi hiyo ilifanywa na watu wawili. Walichimba shimo kwenye mteremko, wakavingirisha gogo likakaa juu yake, wakapiga mstari kwa uzi uliochovywa kwenye unga wa betri kuukuu. Mmoja alisimama juu ya gogo, mwenzake akashuka shimoni, na msumeno ukapanda na kushuka kati yao tangu asubuhi mpaka jua linapoinama. Wa juu alionwa na kila mpita njia. Wa chini alikula unga wa mbao.

Mwaka 2001 walikuwa wanajenga nyumba yao. Matofali yalishachomwa, kuta zimesimama, na Oktoba ilikuwa inakwisha. Hapo ndipo Laurenti, mwenzake Methusela wa shimoni, aliposikia habari za malori ya Makambako, akafunga kibegi chake akaenda. Methusela alitafuta mtu wa kushika nafasi yake, asipate. Mawingu yakaanza kukaa juu ya vilima. Asubuhi moja ya ukungu Tabea, mwenye mimba ya miezi minne, alijifunga kanga kiunoni akashuka shimoni.

"Toka humo," Methusela alisema kutoka juu. "Watu wakikuona watasema nini?"

"Watasema mvua imenyesha na nyumba haina paa. Inua msumeno."

Akainua.

Walifanya kazi hivyo wiki tano. Siku zile mwanamume aliyepasua mbao na mkewe angechekwa klabuni mpaka watoto wake wachekwe. Kwa hiyo walianza kabla ukungu haujanyanyuka, na hatua za watu ziliposikika njiani, Tabea aliinama chini kabisa shimoni, naye Methusela akajifanya ananoa meno huku akiimba wimbo wa kwaya, besi peke yake.

"Kamwene, Methusela! Unapasua na nani siku hizi?"

"Kamwene. Nimepata mtu wangu kutoka Wanging'ombe. Ameenda kunywa maji."

"Mtu huyo ana nguvu! Mbao zako zimenyooka kama barabara ya lami."

"Ana nguvu, ila hapendi kuonwa."

Chini, Tabea alijiziba mdomo kwa kanga asicheke. Habari za mtu wa Wanging'ombe zikaenea. Mzee mmoja alimtumia kibuyu cha ulanzi kumpongeza, Methusela akaunywa kwa niaba yake na kurudi nyumbani akiyumba. Paa likapanda, dari ikapigiliwa, milango ikasimama, na mwezi wa Machi Yoramu akazaliwa chini ya mbao hizo. Na miaka yote iliyofuata, Tabea alipobeba mzigo mzito au kulima hadi jioni, Methusela alimwambia kwa sauti ndogo, watu wasisikie, ila mtoto wao aliyecheza karibu bila kuelewa, "Mtu wa Wanging'ombe, umechoka?" Tabea hakuwahi kuitwa jina tamu kuliko hilo.

Methusela alikufa kwa kifua Yoramu akiwa na miaka tisa. Siku ya mazishi mzee wa kanisa alisimama akauliza kama yule rafiki wa marehemu, mtu wa Wanging'ombe, amefika, apewe nafasi atoe neno. Watu waligeuza shingo kutafuta. Tabea alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele ya jeneza. Aliinamisha kichwa. Aliona kwamba akisema, atamvua mumewe heshima mbele ya kaburi. Akanyamaza.

Kimya hicho ndicho Yoramu alichokulia. Alijua kwamba baba yake na rafiki yake mmoja, wanaume wawili na msumeno mmoja, ndio waliojenga nyumba. Mama hakumsahihisha.

Yoramu alipofika miaka ishirini na mitatu alikuwa Makambako, anapakia mbao kwenye malori. Alikuja nyumbani wakati wa Pasaka, na asubuhi Tabea akasikia sauti nzito ikitoka kwenye simu chumbani: "Amka, mwanangu. Dunia haikujali, mimi ninakujali. Nyoosha mgongo, mwanangu." Tabea akiwa jikoni alifurahi. Alidhani ni mhubiri. Alisimama na mwiko mkononi kumsikiliza, na sauti ikaendelea: "Mwanamke ni mgeni kwenye jasho lako. Anakuja kukuta kila kitu kipo. Ukimwachia pesa yake atakupanda kichwani."

"Ni nani huyo, Yoramu baba?"

"Komredi Fahali. Anafundisha vijana uanaume. Ana wafuasi wengi mno, mama."

"Anafundisha kutukana mama zao?"

"Hatukani, anasema ukweli. Kwani si kila mtu ana uhuru wa kusema?"

Tabea aligeukia sufuria. Kilichomkaa moyoni si matusi. Ni lile neno, mwanangu. Alihesabu: tangu kifo cha Methusela, hakuna sauti ya kiume iliyomwita mtoto wake hivyo, wala kumwambia anyooshe mgongo. Yule mtu alikuwa amekuta kiti kitupu, akakikalia.

Siku hiyo Yoramu alizunguka nyumba akiipiga picha za video. Tabea alimfagilia uwanja, akidhani ni kumbukumbu.

Mwezi Mei jirani yake Esnath alikuja mbio, simu mkononi. Kwenye kioo ilionekana nyumba ile ile, milango ile, na Yoramu anasema: "Baba yangu alijenga hii na rafiki yake wa Wanging'ombe. Wanaume wawili. Hakuna mwanamke aliyeshika hata msumari. Mama alikuja kukuta." Na kwenye neno hilo, pembeni, Tabea akapita na sahani ya viazi, anatabasamu. Chini ya video watu wengi walikuwa wamecheka.

"Mnyang'anye simu, mama Yoramu," Esnath alisema. "Na huyo Fahali wake wamfungie asisikike tena."

"Simu ni yake, kainunua. Na huyo wakimfungia, vijana watasema kafungiwa kwa sababu anasema kweli. Kesho watampata mwingine."

"Kwa hiyo utakaa tu hivyo?"

Tabea alitazama dari. "Nimekaa hivyo miaka mingi, Esnath. Ndiyo shida yenyewe."

Juni, Devotha akapiga simu. Devotha ni binti wa Ludewa, watu wa kando ya ziwa, fundi cherehani pale Makambako, mchumba wa Yoramu. Ndiye aliyeshona sare ya kwaya ya Tabea, na posa ilikuwa ipelekwe kwao mwisho wa mwezi.

"Mama, Yoramu anataka niuze cherehani kabla ya ndoa. Anasema mwanaume halisi hajengi na mwanamke. Cherehani hii imesomesha wadogo zangu. Nimemwambia anijibu kabla ya Jumapili. Jibu likiwa lile lile, msije kwetu. Mnisamehe, mama."

Ilikuwa Alhamisi. Tabea alimpigia mwanawe. "Njoo kesho. Ule mvinje wa mpakani umeanguka, nataka ubao."

Yoramu alifika saa nne asubuhi, akamkuta mama yake ameukalia mti kando ya shimo la zamani. Tayari alikuwa amekata magugu, amezoa udongo uliokuwa umelijaza, amekata gogo fupi la kuweza kuvingirishwa na mtu mmoja, na kulipiga mstari. Msumeno ulikuwa umelala kwenye nyasi, unang'aa.

"Mama, ungesema nije na mtu wa mashine."

"Vingirisha gogo, kisha panda juu. Hapo ndipo baba yako aliposimama."

Yoramu akalivingirisha, akapanda. "Na chini nani?"

Tabea alijifunga kanga kiunoni, akakaa ukingoni, akajishusha shimoni taratibu, magoti yakilia.

"Mama, toka humo! Watu wakikuona watasema nini?"

Tabea alicheka mpaka akashika ukuta wa udongo. "Baba yako alisema hivyo hivyo. Nami nilikuwa na wewe tumboni. Mtu wa Wanging'ombe unayemtangaza huko kwenye simu, hakutoka Wanging'ombe. Alitoka jikoni."

Yoramu alimtazama kutoka juu ya gogo. Kisha akasema, "Mama, usinitanie kwa jina la baba."

"Shika msumeno."

Yoramu alianza kwa nguvu, kama mtu anayesukuma lori. Msumeno ukakwama mara mbili.

"Usisukume!" Sauti ilitoka chini. "Wewe inua tu, ufuate mstari. Meno yanakula yakishuka. Anayevuta chini ndiye anayekata."

Yoramu akainua. Chini mikono miwili ya miaka arobaini na minane ikavuta, na unga wa mbao ukamwagika kama mvua ya kwanza. Inua, vuta. Harufu ya mvinje ikapanda, na Tabea alifumba macho kuepuka unga, akaisikia besi ya Methusela peke yake kwenye ukungu. Walipofika katikati ya gogo Yoramu alikuwa anahema. Mstari ulikuwa umenyooka.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza kutoka juu.

"Niliogopa watamcheka baba yako. Fahali wako anao uhuru wa kusema, nami nilikuwa nao. Yeye aliutumia, mimi nikaukalia. Baba yako hakupungukiwa kitu kwa kujenga na mimi, Yoramu. Angekataa, ndipo mvua ingemnyeshea."

Yoramu akaushika msumeno tena. Walipasua hadi mwisho, ubao ukaachia. Aliugeuza, akaupitishia kiganja.

"Unataka wa nini ubao huu, mama?"

"Mimi siutaki. Wewe je?"

Alikaa na ubao magotini. Ile video ilikuwa bado ipo, na Fahali kesho asubuhi angeamka na kuita wanawe. Kisha Yoramu akatoa simu, akapiga.

"Devotha. Ile meza ya cherehani yako, ina upana gani?... Hapana, sijalewa. Nipimie tu, nina ubao."

Chini shimoni Tabea alijifanya anakung'uta kanga. Unga ulikuwa umemjaa nywele, masikio na kope. Alisikia mwanawe akiweka simu mfukoni, akipiga magoti juu ya gogo, akiinamia shimo kwa mkono ulionyooshwa.

"Mtu wa Wanging'ombe," Yoramu aliita kwa sauti ndogo, "umechoka?"

Miaka kumi na minne. Tabea aliinua uso uliojaa unga. Akaushika mkono.