Vyuo Viwili vya Manne

Mtoto wa dada yangu tunamwita Manne. Si jina lake la cheti. Alianza kuvaa miwani kabla hajajua kufunga kamba za viatu, wenzake shuleni wakamwita Macho Manne, naye badala ya kulia akarudi nyumbani akatutangazia kwamba amepata jina jipya na tulizoee. Tukalizoea, tukalifupisha. Siku hizi ukimwita kwa lile la cheti hageuki.

Nampenda, lakini ni mtu wa kuchosha, niseme ukweli. Ukimuuliza anakunywa chai au maji, atataka kujua chai imepikwa saa ngapi. Akienda kununua viatu, muuzaji anaanza kupiga miayo kabla mguu wa pili haujajaribiwa. Kwa hiyo vyuo vikuu viwili vilipomkubali kwa mpigo mmoja, wengine walipiga vigelegele. Mimi nilishika kichwa.

Nyumbani kwetu tunaishi kwa miwani. Baba yake Manne, yaani shemeji yangu, ni fundi: anakata vioo, anavipachika kwenye fremu, anabadilisha skrubu ndogo ambazo ukipiga chafya huzioni tena. Dada yangu ndiye mwenye duka, maana yake ndiye anayegombeza kila mtu. Mimi nakaa kaunta na kuwaambia wateja fremu ipi inawapendeza na ipi inawafanya wafanane na bundi. Tunachokosa ni mtu mwenye ruhusa ya kupima macho. Tunategemea mpimaji wa kuazima kutoka hospitali, na siku asipotokea, wateja wanakaa kwenye benchi wanatutazama sisi, na sisi tunawatazama wao, mpaka mmoja anaondoka.

Ndiyo maana Manne alikwenda kusomea upimaji wa macho. Alisoma miaka miwili, akafaulu kwa alama za kutamanisha, halafu chuo chake kikaifunga kozi. Walimu walikuwa wakiondoka mmoja mmoja, na alipoondoka wa mwisho wanafunzi wakaambiwa kila mmoja atafute pa kuhamia.

Hivyo vyuo viwili tuliviita Kikubwa na Kikongwe. Kikubwa kilikuwa katikati ya mji, jengo la vioo vitupu, na kilikuwa kimetambua masomo yote aliyosoma. Angeingia moja kwa moja mwaka wa tatu. Kikongwe kilikuwa nyuma ya hospitali, rangi imebanduka, na wao walisema masomo ya darasani wameyaona, lakini ya mikono hawayaoni, kwa hiyo aanze mwaka wa pili upya. Vyote vilitaka jibu kufikia Ijumaa. Ukikubali kimoja, cha pili kinampa mtu mwingine nafasi yako, na huwezi kurudi tena kubisha hodi.

"Sasa hapo kuna nini cha kuchagua?" shemeji alishangaa. "Nani anarudi nyuma akiwa na akili zake timamu?"

"Baba, ngoja kwanza nikavione."

"Kavione. Lakini mimi nazeeka, mwanangu. Nataka nikuone umekaa kile chumba cha kupimia nikiwa bado na nguvu zangu."

Hilo la kuzeeka lilimwingia Manne, nililiona. Tangu siku hiyo alikuwa kama amekwishakata shauri la Kikubwa, na ziara yenyewe ikabaki ya kujiridhisha tu. Tulikwenda watatu: yeye, baba yake na mimi. Dada alibaki dukani, kwa sababu bila yeye, kwa maneno yake mwenyewe, duka lingeibiwa mpaka mlango.

Tulianza na Kikubwa. Shemeji alipenda lifti kupita kiasi. Tulipanda naye, tukashuka naye, akataka kupanda tena. Kijana wa mapokezi alituonyesha maabara. Mashine za kupimia macho zilikuwa zimepangwa mstari, mpya, kila moja imefunikwa plastiki yake ya dukani. Manne aliinua ncha ya plastiki moja akachungulia.

"Wanafunzi wanaanza lini kupima watu?"

"Watu hasa? Mwaka wa nne, muhula wa mwisho," kijana alijibu kwa fahari. "Kwanza tunawajenga kinadharia."

"Umesikia?" shemeji alininong'oneza. "Wanawajenga."

Kesho yake tukaenda Kikongwe. Hapa lazima nieleze ugonjwa wa shemeji. Hawezi kukaa na mtu aliyevaa miwani iliyopinda. Hawezi kabisa. Msibani aliwahi kumvua mfiwa miwani, akainyoosha, akamrudishia, ndipo akampa pole. Tumemsema mpaka tumechoka. Ofisini kwa watu huwa namwambia aweke mikono mfukoni, na siku hiyo nilisahau kumwambia.

Mkuu wa idara alikuwa mama mfupi, mchangamfu, mwenye miwani ya plastiki yenye vioo vinene, na upande wa kushoto umepanda juu kama nyusi ya mtu anayeshangaa. Alitukaribisha, akatumiminia chai, akaanza kumweleza Manne kwa nini hawakuyatambua masomo yake yote. Mimi nilikuwa namsikiliza. Shemeji alikuwa anaitazama ile miwani tu, anahangaika kwenye kiti kama mtu aliyekalia sisimizi.

"Samahani, Mwalimu," akasema, na kabla hatujajua anaomba samahani ya nini, miwani ilikuwa mkononi mwake.

Sasa, plastiki haikunjiki mpaka uipashe moto. Dukani tuna kifaa cha kupashia. Ofisini kwa yule mama hakukuwa na kifaa, palikuwa na chai. Shemeji akautumbukiza mkono wa miwani, ule unaopita juu ya sikio, ndani ya kikombe cha Mkuu wa Idara. Akahesabu kimoyomoyo kama anavyohesabu siku zote, akautoa, akaupangusa kwa shati, akaukunja.

Ukalia kah! Ukabaki vipande viwili, kimoja kikaangukia mezani.

Nilitamani ardhi ipasuke initangulize mimi kwanza. Manne alikuwa amefumba macho kabisa, na nilijua anachofikiri: nafasi ya hapa imekwenda na maji, tena maji ya chai.

Mama wa watu alipapasa meza akaupata ule mkono uliovunjika. Akaupitishia vidole.

"Mzee, wewe ni fundi wa miwani?"

"Miaka yote, Mwalimu," shemeji alijibu kwa sauti ya mtoto aliyevunja sahani. "Sijawahi kuvunja. Haki ya nani, sijawahi."

"Nimekuamini," akasema, akainuka. "Ya akiba nimeiacha nyumbani. Binti, njoo unishike mkono unitembeze idara yangu mwenyewe. Mimi siwezi hata kuuona mlango. Kila tunapofika niambie unaona nini."

Basi tukatembea. Manne mbele na mama yule kiwikoni, shemeji nyuma yao amebeba miwani iliyovunjika kama kifaranga, na mimi wa mwisho, nikijizuia kucheka mpaka mbavu zikauma. Vyumba vilikuwa vidogo na viti havikufanana. Lakini vilijaa watu. Kwenye kila kiti mgonjwa, na mbele ya kila mgonjwa mwanafunzi ameinama.

"Unaona nini?"

"Namwona mwanafunzi anampima bibi. Bibi anakataa kuweka kidevu kwenye mashine."

"Na mwanafunzi anafanyaje?"

"Anambembeleza. Ameweka kidevu chake yeye kwanza, anamwonyesha."

"Huyo ni mwaka wa pili," Mkuu akasema. "Endelea."

Nilimwona Manne anaanza kupunguza mwendo. Alikuwa anasimulia yale anayoyaona, lakini sauti yake ilibadilika, ikawa ya mtu anayepita mbele ya mgahawa na njaa yake. Kwenye chumba cha mwisho kulikuwa na kiti kitupu na msichana mwembamba anafuta vifaa.

"Wewe wa mwaka gani?" Mkuu akamuuliza, akiwa ameelekea upande usio wake.

"Wa pili, Mwalimu. Niko huku."

"Kuna mzee hapa nyuma yangu. Mpime. Mkono wa miwani umevunjikia kwenye bawaba, pale unapoungana na fremu, na fundi wa siku nyingi hashiki hapo akitaka kuukunja. Nataka kujua aliona ameshika wapi."

Shemeji akacheka kidogo. "Mimi? Macho yangu mazima, Mwalimu. Ni taa tu za dukani zimefifia."

"Kaa, baba," Manne akasema.

Akakaa. Yule msichana akazima taa, akasogea na kile kitochi cha kutazamia ndani ya jicho, akatazama la kushoto, kisha la kulia. La kulia akalirudia. Alisogea nyuma, akasogea mbele, hana haraka, na alipomaliza hakumtazama Mkuu, alimtazama shemeji.

"Mzee, jicho la kulia lina utando. Naona kama ni mtoto wa jicho. Hospitali iko hapo mbele, daktari atathibitisha. Ni upasuaji wa kawaida, usiogope."

Daktari alithibitisha siku ileile. Wakampa shemeji tarehe ya upasuaji, na Mkuu akapewa ahadi ya fremu mpya kutoka kwetu, aichague mwenyewe, ikunjwe na mtu mwingine. Alicheka sana. Wakati wa kuagana alimwambia Manne, "Nafasi yako ipo mpaka Ijumaa. Sitakubembeleza."

Njia nzima shemeji alikuwa anajitetea. Mara mtoto wa jicho mwenyewe ni mdogo, mara hata hamsumbui. Manne alikuwa anamtazama macho tu, la kushoto, kisha la kulia.

Jioni, mezani, shemeji akapiga makofi mawili kama anayefunga mkutano. "Haya. Kikubwa, mwaka wa tatu, mambo yameisha. Tena sasa ndiyo uharakishe, si mmeona macho yangu?"

"Nakwenda Kikongwe," Manne akasema.

"Mwaka mzima unautupa! Kwa sababu ya nini? Kwa sababu nimevunja miwani ya watu?"

"Baba, mwaka jana nilifanya mtihani wa mtoto wa jicho. Nilipata A. Naweza kukuchorea hapa, hatua zote, na majina yake." Akavua miwani yake akaishika. "Na wewe ulikuwa unanituma balbu. Kila wiki balbu haitoshi, tafuta yenye mwanga zaidi. Mimi ndiye niliyekuwa nakununulia, nakufungia, nakuuliza kama sasa inatosha. Nimekaa na wewe meza hii hii, sikuona. Yule msichana hakujui, na alikuona kabla taa haijawashwa."

Dada yangu alisogeza sahani ya mumewe karibu na mkono wake.

"Wewe ulikuwa unasoma, mama," shemeji akasema taratibu. "Si kosa lako."

"Sijasema ni kosa. Nasema sijui kutazama. Nataka nikajifunze."

Ijumaa asubuhi, kabla hatujafungua duka, Manne alipiga simu Kikubwa. Aliiweka kwenye spika kwa kuwa alikuwa anafuta kioo cha kaunta, na yeye hawezi kufanya jambo moja peke yake. Yule kijana wa mapokezi alipokea kwa furaha. Alipoambiwa hapana, akadhani hakusikia vizuri.

"Lakini dada, labda hujaelewa. Sisi masomo yako yote tumeyakubali."

"Nimeelewa, kaka, na ninashukuru," Manne akamwambia. "Nyinyi mmeyakubali. Mimi ndiye bado."

Nikageuka kumtazama shemeji, nikitegemea aanze tena habari za mwaka unaotupwa bure. Alikuwa amesimama mlangoni na kufuli mkononi, hajalifungua. Jicho lenye mtoto na jicho lisilo na mtoto, yote mawili yalikuwa yanatoa machozi, na mzee wa watu anatabasamu.