Bibi Beseni, Aliyewaosha Wagonjwa

Alizaliwa alfajiri ya Jumapili ya Matawi, katika chumba cha nyuma cha fundi viatu. Sala alifundishwa na katekista wa parokia, mzee mkali asiyevumilia mtoto anayeruka maneno. Alipokuwa mjane, siku moja akitoka Misa, alimkuta jirani aliyepooza amelala kwenye uchafu wake, wanawe wameenda kazini. Akakunja mikono ya gauni, akachemsha maji. Huo ndio ulikuwa wito wake. Tangu hapo hakuonekana njiani bila beseni, na jina la Beseni likamganda.

Wito ukamzidi nguvu. Kila nyumba yenye mgonjwa ilimtaka, naye akaacha sala ya asubuhi, kisha ya jioni, akijifariji kwamba kazi yenyewe ni sala. Maneno matamu hayo, ndugu zangu, lakini mikono yake iliingia ugumu. Aliwageuza wagonjwa harakaharaka huku akisonya. Miongoni mwao alikuwa yule katekista, sasa mzee wa kulala kitandani kwa kiharusi. Asubuhi moja alimshika mkono.

"Mwanangu, unaniosha kama sufuria."

"Mzee wangu, wenzako wananingoja."

"Basi nenda kwao. Mimi usiniguse tena."

Mzee akafumba mdomo. Chakula hataki, kuoshwa hataki, na vidonda vya mgongoni vikazidi kuchimba. Kila mtu aliona kwamba akiachwa hivyo atakufa, tena na kinyongo moyoni.

Beseni aliumia mno. Akahamia kanisani, kutwa yuko magotini, akiomba arudishiwe upendo wake wa zamani, na akaapa hamgusi mgonjwa mpaka ausikie umerudi. Jamani, watakatifu nao hukosea! Aliyemtoa huko ni wifi yake, muuza mkaa, mwenye maneno makavu, ambaye kanisani alionekana kwenye harusi tu.

"Wifi, huyo Mungu unayemwomba hana vidonda. Mzee anavyo, na vinanuka. Hebu inuka!"

Akainuka. Alipofika alipiga magoti kando ya kitanda, akaomba radhi. Akamtazama mzee usoni, akamuuliza kama maji yanamfaa, akaanza Baba Yetu kwa sauti. Machozi yakamvuruga, akapitiwa na mstari mzima.

"Umeruka!" mzee akafoka. "Rudia."

Akarudia, mzee akimwongoza, na kabla hawajafika Amina alikuwa ameuachia mgongo wake uoshwe. Jioni akanywa uji. Kuanzia siku hiyo mzee aliongoza sala, Beseni akaosha, hata vidonda vikafunga. Waumini wakasema ni muujiza. Yeye akasema ni Mungu na maji ya chumvi.

Mzee alipokuwa anakata roho, sauti ilikuwa imemwisha. "Leo ongoza wewe," alinong'ona. Beseni akaongoza, mikono ikiwa bado majini, na mzee akaenda kwa amani.

Yeye mwenyewe alifariki uzeeni, akioshwa na wifi yake, na wengi husimulia kwa mshangao kwamba mwanamke yule wa mkaa alizijua sala zote kwa moyo. Tumwige, basi. Nyumbani mwako leo huenda yupo anayengoja maji. Mpelekee sasa hivi, usali naye, na kabla hujalowesha kitambaa mtazame usoni.