Ndiyo ya Fundi wa Mota

Alipopandishwa cheo alikabidhiwa watu watatu, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumletea kikombe cha chai, maana kila mmoja alikaa nchi yake. Kampuni iliunda lifti. Ofisi yake ilikuwa meza ya kulia chakula, na mama mkwe, aliyeishi nao, hakukubali hata siku moja kwamba ile ni kazi.

"Mkwe wangu yupo," aliwaambia wageni. "Anapiga soga na kompyuta."

Mumewe naye alianza kumwita Meneja kwa utani, jina likamganda. Kila asubuhi Meneja alijipaka poda upande wa uso uliopata mwanga wa dirisha, akafungua kikao.

Mchoraji, mama wa nchi za baridi, alisema jambo lilivyo. Siku ya kwanza tu alimwambia, "Mpango wako ni mbaya. Siku njema." Muuzaji yeye hakuweza kuanza kazi kabla hajaulizia watoto wa kila mtu na magoti ya mama mkwe. Wa tatu alikuwa fundi wa mota, mtu mzima, mpole, ambaye kila alipoulizwa jambo aliinamisha kichwa na kujibu, "Ndiyo. Nitaangalia." Meneja alimpenda huyo kuliko wote. Bosi gani hampendi mtu wa ndiyo?

Ikaja kazi ya hospitali moja iliyotaka lifti ya kubebea vitanda kabla ya wodi mpya kufunguliwa. Ghalani ilikuwepo mota ndogo. Meneja akamuuliza fundi kama ingefaa, ili wamalize mapema.

"Ndiyo. Nitaangalia."

Wiki iliyofuata akauliza tena.

"Ni swali zuri sana. Nitaangalia."

Meneja akawaambia wakubwa wake kwamba mambo yameiva. Siku ya kukabidhi ilipokaribia, kikaoni, bosi mkubwa mwenyewe akisikiliza, fundi akasema kwa sauti ya chini kwamba mota ile haiwezi kuinua kitanda chenye mgonjwa.

Meneja akawaka. "Si ulisema ndiyo? Wewe ni fundi au kasuku?"

Picha ya fundi ikazimika. Kesho yake hakutokea, wala keshokutwa. Muuzaji alimwandikia Meneja ujumbe mrefu wenye maua, akiuliza kwa upole kama kwao walifundishwa adabu. Mchoraji aliandika, "Umefanya ujinga. Pokea mchoro."

Mchana mmoja walikuwa mezani wakila, na bomba la jikoni likidondosha maji, to, to, to.

"Mwanangu, bomba hilo utalitengeneza lini?" mama mkwe alimuuliza mwanawe.

"Nitaangalia, Mama."

Meneja akacheka. "Usimngoje, Mama. Huyu akisema nitaangalia, ujue hataki." Kisha kijiko kikamganda mkononi.

"Una nini?" mumewe akauliza.

"Kumbe nimeolewa na fundi wa mota," alisema, akainuka na simu yake.

Alimpigia fundi peke yake, bila picha.

"Nimekupigia kukuomba radhi, kaka. Nilikutukana mbele za watu."

Upande wa pili kijiko kiligonga kikombe.

"Nilikuambia haiwezekani," fundi alisema hatimaye.

"Lini?"

"Niliposema swali zuri."

"Ala! Kwetu hiyo ni sifa!"

"Kwetu ukimkatalia bosi wako mbele za watu, umemvua nguo. Nilikuwa nakusitiri."

Meneja alikaa chini, pale pale sakafuni karibu na kabati la vyombo. Mtu alikuwa akimsitiri, naye akamwita kasuku.

Kikao kilichofuata aliomba radhi mbele ya wale wale waliomsikia akitukana, kisha akamwambia bosi mkubwa kwamba lifti itachelewa, inahitaji mota kubwa. Bosi akabweka mpaka miwani ikamshuka puani. Zawadi ya meneja bora mwaka ule alipewa jamaa mmoja ambaye watu wake wote wanakaa chumba kimoja naye, kazi ambayo hata mbuzi angeiweza.

Tangu hapo Meneja alimpigia fundi kabla ya kila kikao, amkatalie faraghani apendavyo. Mchoraji naye alishauriwa aanze kwa salamu. Akajitahidi: "Hamjambo? Watoto wazima? Mchoro huu ni takataka."

Lifti ilifunguliwa ikiwa imechelewa sana. Hospitali ikatuma video. Mgonjwa wa kwanza, babu mmoja juu ya kitanda, alipandishwa hadi wodini, akagoma kutoka mpaka ashushwe na kupandishwa tena. Muuzaji alilia waziwazi. Mchoraji alisema rangi ya mlango inatia kichefuchefu. Fundi alicheka mpaka akaondoka mbele ya kamera, wakabaki wanatazama kiti chake kitupu na kusikia kicheko tu.

Meneja alikuwa ameandaa hotuba. Akakohoa, akasema, "Ndugu zangu," umeme ukakatika.

"Umemaliza soga?" mama mkwe akauliza. "Njoo unishikie shuka hili tulikunje."

Akaenda.